Baiskeli Niliyoinyoosha Bila Kuombwa

Nimeacha kazi mwezi uliopita, na sikuagwa na mtu, kwa sababu fundi baiskeli haagwi. Siku moja vidole viligoma kushika gololi, zikamwagika chini saba. Nne niliziokota mwenyewe, tatu nikaokotewa. Nikawaambia wenzangu wawili, Amosi na Shabani, kwamba banda sasa ni lenu, mimi nitakuwa nakuja kukaa tu. Shabani akasema, "Mzee Simkoko, wewe ukija kukaa tu utatusumbua kuliko ukija kufanya kazi." Hakukosea.

Wiki ile ile walipita wale vijana wa baiskeli za mbio, wanaokwenda Vwawa na kurudi kila Jumamosi. Mnawajua. Kila mmoja ana spana zake ndogo mfukoni, anapandisha siti, anashusha usukani, anapanda, anashuka, anarekebisha tena, na simu iko mkononi inamwelekeza. Mimi nawapenda sana vijana wale, ingawa suruali zao zinanitia mashaka. Mmoja akamwomba Amosi amwekee siti sawasawa wakati yeye anakunywa chai ng'ambo ya barabara. Nikamkataza Amosi asiiguse mpaka mwenyewe arudi akae juu yake. Walipoondoka Amosi akaniuliza, "Mzee, kwani una nini na siti za watu? Miaka yote hii sijakuona ukigusa siti ya mtu ambaye hayupo." Nikamwambia nitamwandikia, maana kwa mdomo ningeshindwa katikati.

Haya, naandika.

Nilifundishwa na Mzee Silungwe, mtu mmoja mrefu, mkimya, aliyekuwa na kibanda cha mabati hapa hapa Tunduma, kando ya barabara iendayo Sumbawanga. Siku ya kwanza alinipa cheni moja na kopo la mafuta ya taa, akasema nisafishe. Nikasafisha. Akaiangalia, akairudisha kwenye kopo. Nikasafisha tena. Hivyo hivyo hadi jioni, na hakuniambia hata mara moja kosa lilikuwa wapi. Siku ya pili nikagundua kwamba alikuwa anaipitisha cheni kwenye shati lake jeupe, na ikiacha alama anairudisha. Mtu anayevaa shati jeupe kwenye banda la baiskeli, muogope.

Alinifundisha kuvuta spoku kwa sikio, ukiigonga ikilia sawa na jirani yake basi rimu itakaa. Alinifundisha kupakia grisi kwa kidole cha kati. Lakini kitu kilichoniteka kilikuwa uzi. Unachukua uzi wa kushonea viatu, unaufunga nyuma kwenye ekseli, unauvuta hadi mbele unazungusha kwenye shingo ya fremu, unaurudisha nyuma upande wa pili. Ukiangalia nafasi kati ya uzi na bomba la siti kulia na kushoto, unaona fremu imepinda au haijapinda. Macho yanadanganya, uzi haudanganyi. Nikaupenda uzi ule kupita kiasi. Nikafika mahali nikiona baiskeli imepinda kidogo tu, situlii mpaka niinyooshe.

Na baiskeli za hapa kwetu zote zimepinda, maana hakuna anayeziacha kama zilivyotoka dukani. Wabeba mkaa walikuwa wanafunga nondo kwenye foku, ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele. Wavusha mizigo wa mpakani walirefusha keria kwa mbao hadi baiskeli ikawa na mkia. Kulikuwa na jamaa kutoka Mbebe, kule milimani Ileje, ambaye mteremko ulimlia breki zote, akafunga kipande cha tairi chini ya soli ya kiatu na kusimamisha gurudumu kwa mguu. Wazungu wanaotokea Zambia na mikoba minne, nao ukiwatazama vizuri wamefunga kamba huku, wamebandika sponji kule. Kila mtu anaikata baiskeli kama nguo, imkae yeye. Mzee Silungwe aliliona hilo. Mimi niliona uchafu wa kunyoosha.

Mzee alipoacha kazi mimi nikabaki na kibanda. Hapo ndipo anapoingia Baba Tumaini.

Baba Tumaini alikuwa mkulima wa pembeni ya mji, mpole, mwenye baiskeli nyeusi kubwa ya zamani. Mke wake, Mama Tumaini, ni mzaliwa wa Ndalambo, na mama yake mzazi alikuwa bado yuko kule, mjane, macho yamefunga ukungu, haoni tena ila mwanga na kivuli. Jirani alimchotea maji na kumpikia. Lakini kumwogesha, kumkata kucha, kumsuka nywele na kumpa habari za mjini, hiyo ilikuwa kazi ya Mama Tumaini. Kila mwisho wa mwezi mume alimpakia kwenye keria, amekaa upande, miguu yote kushoto, unga na sabuni zimefungwa kulia, wakaenda. Mabasi yalikuwapo, ila yanakushusha barabarani, na kutoka barabarani kuingia kwa yule mama ni mwendo hasa. Kwa baiskeli walitoka alfajiri wakafika alasiri, wakilala siku mbili na kurudi. Sikuwahi kuwaona wakikosa mwezi.

Siku moja, kesho yake wakiwa na safari, Baba Tumaini akaniletea baiskeli nibadilishe gololi za gurudumu la nyuma. Kazi ya saa moja. Akaiacha, akaenda kulima. Nikamaliza, nikakaa, hakuna mteja mwingine. Nikaitazama ile baiskeli. Jamani, ilikuwa imepinda kila mahali. Pua ya siti imeelekea kulia. Usukani nao hauko sawa na gurudumu. Keria imeinuliwa upande mmoja kwa kipande cha bati. Na vile vikanyagio vya abiria kwenye ekseli ya nyuma, cha kushoto kilikuwa kimeshuka chini karibu kiganja kizima kuliko cha kulia.

Nikatoa uzi.

Nataka mnielewe, sikufanya kwa ubaya. Nilifanya kwa upendo. Nilisema moyoni, mtu huyu mwema anateseka na baiskeli mbovu, ngoja nimpe zawadi. Nikanyoosha siti, nikanyoosha usukani, nikang'oa lile bati, nikagonga keria ikakaa bapa kama meza. Kikanyagio cha kushoto nikakipandisha kikalingana na mwenzake, nikakikaza kwa spana mbili. Nilipomaliza nikasimama mbali nikaiangalia na kutabasamu peke yangu. Baba Tumaini alituma mtu jioni akaichukue, na alfajiri wakaondoka nayo gizani.

Kwenye mteremko wa kwanza nje ya mji, Mama Tumaini alitafuta kikanyagio kwa mguu, pale kilipokuwa miaka yote. Hakikuwepo. Keria ilikuwa bapa, hakuna kitu cha kumzuia, akateleza. Mume akavuta usukani kwa mazoea ya zamani, nao sasa ukaenda pengine. Wakaanguka wote. Mume alichubuka magoti. Mkewe alivunjika mkono wa kulia, pale pale kwenye kifundo.

Baba Tumaini alikuja siku ya tatu, anaikokota baiskeli. Nilikuwa nimeshasikia, nikasimama. Nilitaka anitukane, ingekuwa rahisi. Akaiegesha taratibu, akasema, "Fundi, umeinyoosha baiskeli yangu."

"Nimeinyoosha, Baba Tumaini."

"Nilikuwa nimeipinda mwenyewe."

Akanieleza bila haraka. Mkewe ana nyonga inayomuuma, akikaa keria bapa hamalizi hata nusu ya safari, kwa hiyo aliinua upande mmoja kidogo kidogo. Mguu wake ukikunjwa unakufa ganzi, kwa hiyo kikanyagio kikashushwa. Uzito wake ukiwa kushoto, dereva lazima akae kulia, ndiyo maana siti na usukani vilipindwa. Kila safari aliuliza, "Hapo vipi?" na mkewe alijibu, "Bado kidogo," na yeye akigeuza nati robo. Miaka kumi na moja ya bado kidogo. Mimi niliifuta kwa mchana mmoja.

Nikamwambia naweza kurudisha. Akaniuliza, "Unakumbuka vipimo?" Sikuvikumbuka. Sikupima. Nani anapima makosa kabla ya kuyasahihisha? Nilijaribu hata hivyo, nikapinda hapa na pale, lakini anayejua ilipo sawa ni mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo alikuwa amesema hakai tena kwenye keria. Sio kwa hasira. Alimwambia mumewe, "Mguu wangu hauamini tena." Nililia usiku ule, nasema ukweli, na mke wangu akadhani kuna msiba.

Mwezi ule Ndalambo hakwenda mtu. Mwezi uliofuata plasta ilikuwa bado. Mama Tumaini hakutaka mama yake ajue kwamba amevunjika, ataacha kula kwa wasiwasi, kwa hiyo alituma ujumbe kwamba ana shughuli nyingi. Plasta ilipotoka, kifundo kikawa hakikunjiki. Akajaribu basi mara moja, likamshusha barabarani na mzigo wake. Akatembea kidogo, mkono ukavimba, nyonga ikakataa, akakaa chini ya jua hadi basi la kurudi. Mumewe alikwenda peke yake mara mbili kupeleka unga. Lakini mume hamwogeshi mama mkwe, hilo hata halizungumzwi. Alisalimia kwa mbali kama desturi inavyotaka, akaacha mzigo kwa jirani, akarudi.

Halafu akaja mama mmoja muuza maharage kutoka kule, tairi lake limepasuka, akakaa bandani kwangu nikimzibia. Akaniuliza kama namfahamu Mama Tumaini. Akasema, "Mama yake ananituma. Anauliza mwanawe amemkasirikia nini. Anasema kama ni neno alilolisema, halikumbuki, lakini anaomba msamaha."

Wanangu, nimeona baiskeli zilizopondwa na malori hapa mpakani, nimeona za watu ambao hawakurudi kuzichukua. Hakuna kilichonichoma kama kikongwe asiyeona, anayeomba msamaha wa kosa langu mimi. Nikafunga banda mchana, nikapeleka ujumbe ule mwenyewe, neno kwa neno. Mama Tumaini alikuwa anapepeta mahindi kwa mkono mmoja. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaendelea kupepeta.

Kesho yake asubuhi alikuwa bandani kabla yangu. Akasema, "Fundi, nataka baiskeli yangu. Sio ya kupakiwa. Ya kuendesha."

Alikuwa na miaka arobaini na kitu na hajawahi kuendesha hata mita moja. Nikamtazama mkono ule mkavu. Akaona ninapotazama. "Hilo ndilo tatizo lako wewe kulitatua," akasema.

Mkono ule usingeweza kubana breki. Nikavuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, kutafuta gurudumu la nyuma la zile baiskeli zinazosimama ukikanyaga pedeli kinyumenyume. Nilizunguka sokoni siku nzima na "mulishani" zangu, ile salamu ya kwao, za kuombea bei nzuri, nikapata moja kwa fundi mzee aliyekuwa ameligeuza kigoda. Akaniuzia, akabaki amesimama. Nikalifungua, nikaweka gololi mpya, grisi, nikalifunga kwenye fremu fupi niliyokuwa nayo. Ilikuwa baiskeli nzuri. Nikashika siti ili niipandishe pale inapotakiwa, ile kanuni mnayoijua, kisigino kwenye pedeli, goti limenyooka.

Mama Tumaini akanyoosha mkono wa kushoto. "Nipe spana."

Nikamweleza kanuni. Akanisikiliza kwa heshima zote, akasema, "Nipe spana, fundi."

Akaishusha siti hadi chini kabisa, nyayo zote mbili zikagusa ardhi. Magoti yalimfika karibu kidevuni. Ni makosa kwa kitabu chochote mtakachosoma, na sijui kama nimewahi kuuma ulimi wangu kiasi kile. Usukani akaugeuza, upande wa kulia ukapanda juu na kurudi nyuma, ili mkono mkavu upumzike tu bila kukunjwa. Ilionekana kama mbuzi aliyevunjika pembe. Akapanda.

Alijifunza kwenye uwanja nyuma ya kanisa, asubuhi, mumewe akikimbia pembeni. Mimi nilikaa kwenye jiwe na sanduku la vifaa, na kazi yangu ilikuwa moja tu, kutoinuka. Akizunguka, anarudi, anageuza nati, anazunguka tena. Watu walicheka mwanzoni. Shemeji yake mmoja aliuliza kama anataka kwenda mashindano, naye akamjibu, "Nakwenda kwa mama, wewe unakwenda wapi?" Baada ya hapo hakuna aliyecheka.

Wiki ya pili nilimwona anapandisha siti. Kidogo, unene wa kidole. Kisha akakwaruza mstari kwa msumari kwenye bomba la siti, mahali ilipofika. Wiki iliyofuata, kidole kingine na mstari mwingine. Nilianza kungojea ile mistari kuliko nilivyongojea wateja. Hapo ndipo nilipojifunza kile ambacho Mzee Silungwe hakunifundisha kwa maneno, au labda nilikuwa nimeshughulika na uzi sikumsikia. Urefu wa siti sio wa goti tu. Hofu nayo ina urefu wake, na anayeushika ni mwenye baiskeli. Ningeiweka pale kanuni inaposema siku ya kwanza, angepanda mara moja na asipande tena.

Siku ya mstari wa saba alikuja kunilipa. Nikakataa, akaacha kuku. Akasema, "Kesho nakwenda." Sikulala vizuri.

Walikwenda wawili, yeye kwenye yake, mumewe kwenye ile nyeusi na mizigo yote. Nilihesabu siku mbili za kukaa na moja ya kurudi. Siku ya nne hawajarudi. Ya tano, vile vile. Nilikuwa nakaza nati za watu huku nikitazama barabara, nikamkazia mtu mmoja breki ya mbele hadi gurudumu likagoma kuzunguka, akanirudishia akanuna. Niliwaza mteremko, niliwaza mkono, niliwaza ile pedeli ya kinyumenyume niliyoifunga mwenyewe.

Siku ya sita, jua limeanza kulegea, wakatokea wanakuja polepole. Baba Tumaini mbele na magunia ya maharage. Nyuma yake Mama Tumaini anaendesha, mgongo umenyooka, na kwenye keria yake amekaa bibi mdogo kama mtoto, kitambaa cheupe kichwani, ameshika kiuno cha mwanawe kwa mikono miwili. Walikuwa wamelala kwa ndugu njiani, milima yote wakimshusha na kumtembeza. Mama Tumaini akasimama mbele ya banda, akashusha nyayo, akanieleza huku akihema. Alipofika nyumbani, mama yake hakumwamini kwamba amekuja akiendesha mwenyewe. Akaishika ile baiskeli yote, kuanzia tairi hadi usukani, akafika kwenye ule upande uliopinda, akauliza kwa nini umepinda. Ikabidi amweleze. Mkono, anguko, miezi yote ile, yote. Yule bibi akalia, kisha akasema basi naye anataka kukaa juu yake, aende Tunduma akaone.

Alisema akaone, hivyo hivyo.

Nilikuwa nimesimama, sina pa kuweka mikono. Bibi akageuza uso upande niliokuwapo. Nadhani alinusa grisi.

"Ni hapa kwa fundi?"

"Ni hapa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemwangusha mwanangu?"

Mama Tumaini akafungua mdomo aseme kitu, mumewe akamgusa bega. Barabara yote ilikuwa na kelele za malori yanayosubiri kuvuka, lakini mimi nilisikia swali lile tu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi miezi ile yote, ya uzi, ya nia njema, ya kazi niliyofanya bila malipo. Yote nikayaacha.

"Ndiye mimi, mama."

Akainamisha kichwa upande kama mtu anayesikiliza gurudumu. Kisha akaachia kiuno cha mwanawe na kunyoosha mkono mmoja hewani, kuelekea kwangu.

"Haya, nishike nishuke. Miguu imekufa ganzi."

Nikafuta mkono wangu kwenye shati, nikamshika.